Betri Isiyokunywa Maji

Siku ile Rodrigue hakwenda Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, kumtapeli mtu. Hilo liandikwe mapema, kwa kuwa nafasi ya kulisema haipatikani kila siku. Alikuwa ametoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kufuata soli ya kiatu, na soli angeipata kama asingepita mbele ya duka la betri.

Ulikuwa mwaka 2017, na umeme wa Malawi ulikuwa na tabia za shemeji: ulikuja bila taarifa, na ukiondoka hujui utarudi lini. Mbele ya duka palikuwa na foleni. Rodrigue alisimama akatazama wateja wanavyochagua. Hakuna aliyeuliza nguvu ya betri, wala hakuna aliyesoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kila mmoja aliinama, akaikumbatia betri, akainyanyua hadi tumboni, akaguna.

"Yolemera!" alisema mwanamume mmoja mnene, jasho likimtoka. Nzito! Akailipia papo hapo. Nyuma yake mwingine aliguna zaidi, akalipa zaidi.

Rodrigue akasahau soli.

Huyu Rodrigue alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye koti moja, maneno mengi na miaka tisa ya Dzaleka. Kabla ya hapo aliwahi kuwafundisha watu waliokuwa wakisubiri kuhamishwa ng'ambo Kiingereza cha Kanada, ambacho alikifundisha kwa kutetemesha meno. Alikuwa akitafuta kazi yenye heshima zaidi. Sasa alizunguka nyuma ya duka, akakuta maganda ya betri zilizokufa yanauzwa kwa bei ya takataka, akanunua manne. Alipofika kambini aliyajaza udongo mwekundu akaushindilia, akaziba kwa nta ya mshumaa, akapaka rangi ya buluu na kuandika kwa mkono mzuri: FAMILIA 3000. Elfu tatu ya nini, hakuna aliyewahi kumwuliza.

Lakini mjanja wa kweli anajua kwamba uongo mkubwa unahitaji ukweli kidogo chini yake. Rodrigue aliuza cherehani, akauza kitanda, akakopa kwa kila aliyekuwa bado hamjui vizuri, akanunua betri moja ya kweli, ya lori, mpya, na paneli mbili za sola za kweli. Alikodi chumba karibu na soko, akalipa kodi hadi Desemba, akachimba shimo na kuizika ile betri sakafuni. Juu yake aliweka meza, na waya ukapanda ndani ya mguu mmoja wa meza uliotobolewa. Mezani palikaa Familia 3000 moja, iking'aa juu ya kitambaa cheupe, na kando yake taa, televisheni na feni, vyote vikifanya kazi kutwa nzima hata umeme wa kambi nzima ukikatika. Kwenye bati la nyumba, kuzisindikiza paneli mbili, aliweka mbao nne zilizopakwa kiwi. Mvua ikinyesha zilichuruzika kidogo.

Betri ya chini aliiita Marguerite. Lilikuwa jina la mwalimu wake wa darasa la pili kule Bukavu, mtu pekee aliyewahi kumwambia kwamba atafika mbali. Kila Ijumaa Rodrigue alinunua chupa ya maji ya betri kwenye duka la vifaa, akafunga mlango, akaingia chini ya meza na kumnywesha. Alimsalimu, akamfuta vumbi. Mali yake yote duniani ilikuwa humo shimoni, na alimpenda kwa dhati. Mwenye duka la vifaa hakumwuliza maji ni ya nini. Muuza samaki wa ng'ambo ya njia naye hakuuliza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rodrigue alikikalisha kibaya mezani akasubiri kifuatwe, na wa kwanza kukifuata alikuwa Pasteur Adolphe. Kanisa lake lilikuwa na kinanda, vipaza sauti na kwaya isiyonyamaza, na Jumapili tatu mfululizo umeme ulikuwa umekatika katikati ya pambio.

Rodrigue hakumwuzia betri hivi hivi. Alikwenda kanisani na kile kidude cha daktari cha kusikilizia vifua, akakibandika ukutani, akafumba macho.

"Pasteur, kanisa yenu iko na njaa."

"Njaa ya Neno?"

"Njaa ya umeme. Weka sikio."

Pasteur akaweka. "Nasikia kama mutu anakohoa."

"Njo ile," alisema Rodrigue, yaani ndiyo hiyo. "Ukuta iko nakohoa. Sasa niambie, kwaya iko na basoprano ngapi?"

"Kumi na moja."

Rodrigue alipiga mluzi wa huruma. "Basoprano kumi na moja! Apo betri moja itakufa, Pasteur. Itakufa kabla ya sadaka. Mutabeba mbili."

Pasteur alizinyanyua, akaguna, akaona ni nzito, akaamini. Ndipo Rodrigue alipotoa masharti, na hapa ndipo penye usanii. Familia 3000, alisema, imetoka mbali, imechoka na safari. Ipumzike siku kumi na tisa kabla ya kuunganishwa na kitu chochote. Ifunikwe kitenge, itazame upande wa Bukavu. Na katika siku hizo, mahali ilipo pasiwe na ugomvi.

"Kama bantu banagombana, betri inasikia," alisema. "Inakasirika. Munaanza kuhesabia upya, ku moja."

Mahali pengine mteja angecheka. Lakini Dzaleka watu wanajua kungoja. Wamengoja mahojiano, wamengoja orodha, wamengoja orodha ya watakaongoja orodha. Mtu aliyeingojea dosye yake, yaani faili lake, miaka kumi na moja hashtuki akiambiwa betri nayo inataka siku kumi na tisa. Pasteur Adolphe aliona kwamba, kwa ofisi, huo ni mwendo wa haraka sana.

Familia ya tatu ilikwenda kwa Narcisse, kinyozi, ambaye mashine yake ilikuwa na kawaida ya kuzimika mteja akiwa nusu. Narcisse na mkewe Sophie waligombana kila siku ya Mungu, na majirani walitumia ugomvi wao kujua saa. Sasa kukawa kimya. Siku ya tano Narcisse alimwaga mafuta ya kula, Sophie akatabasamu kwa meno. Siku ya kumi na mbili Sophie alisikia kwamba mumewe amenyoa bure wanawake wawili, tena polepole. Alibeba ndoo hadi bombani, akaigombeza ndoo nusu saa nzima mbele ya watu, akarudi nyumbani akiwa mpole. Kanisani mambo yalikuwa magumu zaidi, maana basoprano kumi na moja hawawezi kukaa wiki bila kuambiana ukweli. Hesabu yao ilianza upya mara nne.

Rodrigue aliona kazi imekamilika, bado mteja mmoja tu wa kufungia. Akifika Lilongwe na fedha ya maana, angefungua duka lenye mlango wa kioo, na Marguerite angekaa juu ya meza, hadharani, kama mtu.

Mteja huyo alijileta mwenyewe. Ni Mama Zaituni, mtu wa Kindu, yule muuza samaki wa ng'ambo ya duka la vifaa. Alikuwa na friji moja ndogo, na mwezi ule samaki wake walikuwa wameoza mara mbili. Wakioza mara ya tatu, kibanda angekifunga, na wajukuu wanne waliokula kwa kibanda kile wasingekuwa na pa kula. Hilo alilisema wazi, bila kulia. Kitu kingine kilichojulikana juu yake ni matabishi. Kwa Wakongo kila muuzaji hutoa matabishi, kitu kidogo cha juu baada ya bei kukubaliwa, na asiyetoa hutajwa vibaya hadi kwenye matanga yake. Lakini Zaituni alikuwa amevuka mipaka: hakununua hata kiberiti bila kuondoka na njiti ya mwenzake.

Alisimama mbele ya meza akatazama taa, feni na televisheni. Kisha akatazama meza yenyewe.

"Mudogo yangu, sababu ya nini mugu moja ya iyi meza iko munene?"

"Njo mugu ya ufundi, Mama Zaituni."

"Haya. Na iyi betri, inakunywaka maji?"

"Ata tone! Zingine njo zinakunywaka. Familia inafungaka, mama, kama ninyi ku Ramadhani."

"Na magaribi ikifika?"

"Ata magaribi ikifika, aikunywi."

"Ile ni saumu ya nguvu," alisema Zaituni. Aliitazama sakafu kwa muda, akaaga, akaenda zake. Watu walimwona akipita kwa Narcisse, kisha kanisani. Rodrigue alidhani anauliza sifa za bidhaa.

Siku tatu baadaye alirudi mchana kweupe, na nyuma yake kabaza, baiskeli ya kukodi, iliyobeba balo la kaunjika, yaani mitumba, limefungwa kwa mikanda ya chuma. Watu wa sokoni wakasogea kuangalia.

"Feza sina," alisema Zaituni. "Niko na balo. Bakoti ya wanaume, namba moja. Bado kufunguliwa. Unipe Familia yenye iko apa juu ya meza, na ma paneli."

Rodrigue aliuma mdomo. Balo la makoti la namba moja, Chinsapo, lingemnunulia akina Marguerite watatu na mlango wa kioo. Palikuwa na mpasuko mdogo kwenye gunia. Alichungulia akaona mkono wa koti la sufu, jeusi, wenye vifungo vitatu vya kung'aa. Hakutaka kuona zaidi. Balo lililofungwa lina bei yake, na likifunguliwa kila mtu anaona kasoro yake. Alifanya tu kile ambacho mtu mwenye akili hufanya: aliinama, akalikumbatia, akalinyanyua hadi tumboni, akaguna.

"Iko nzito!"

"Nzito njo muzuri," alisema Zaituni, ameinamisha macho.

"Bon. Tumeuziana."

"Bado. Matabishi yangu?"

Rodrigue alicheka, akatoa kalenda ukutani.

"Ya mwaka gani?" aliuliza Zaituni.

"Ya mwaka jana. Lakini mapicha iko mizuri."

"Apana."

Akampa msumari. Apana. Akampa kitambaa cheupe cha meza. Apana. Zaituni aliketi juu ya balo, akakunja mikono. "Nataka chumba."

"Chumba gani?"

"Iyi. Ulilipaka kodi mpaka Desemba. Unipe miezi yenye imebakia, na kila kitu chenye kiko ndani, juu na chini. Usitoshe kitu, usiongeze kitu."

Sauti ya Rodrigue ilipungua. "Chini? Chini kuko nini, mama? Kuko udongo tu."

"Basi nipe udongo. Mutu ananyimaka mwenzake udongo?"

"Kesho," alisema Rodrigue. "Kesho asubui, nafagia kwanza..."

"Leo. Kama ni kesho, balo inarudi na mi." Akamgeukia wa kabaza. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kijana wa Bukavu anamnyima mama mzima matabishi, tena ya udongo.

Wakati huo huo kukasikika wimbo. Ulitoka upande wa kanisa la Pasteur Adolphe, ukaja ukipanda: sauti kumi na moja za juu, zikikubaliana. Rodrigue alitega sikio. Kwaya haikubaliani hivi hivi. Kwaya inayokubaliana ni kwaya iliyomaliza siku kumi na tisa, au iliyofungua betri. Aliwahesabu kwa masikio, akawasikia wamefika kwenye kona ya bucha. Kuchimba sakafu mbele ya watu wote hakuweza, na kuokoa vyote viwili hakuweza: ama balo, ama Marguerite.

Tumwonee huruma kidogo, maana lililompata ni zito. Alipitisha soli yake mbovu juu ya sakafu, taratibu, pale alipojua yeye. Macho yakamlowa. Watu walidhani ni ukarimu unaomtesa.

"Kwaheri, mwalimu," alinong'ona. Kisha akasema kwa sauti: "Beba, mama. Juu na chini."

Walimpigia makofi. Yeye na balo walitoka kwa njia ya nyuma, kwenye kabaza, na kijana wa baiskeli alipanda kilima akihema, "Bambo, yolemera!" Bwana, nzito! Rodrigue akajisikia vizuri kidogo. Barabarani alipata matola, pikapu iliyokuwa ikibeba mahindi, akafika Chinsapo amekaa juu ya utajiri wake, akipanga rangi ya mlango wa kioo.

Bambo Kalima, mfanyabiashara wa kaunjika, aliita wateja wake, akakata mikanda. Koti la sufu likatoka. Lilikuwa na mkono mmoja na kifua. Mgongo halikuwa nao. Baada ya hapo yakafuata magunia matupu, na ndani ya magunia vitu vitatu vya pembe nne, kila kimoja kimefunikwa kitenge vizuri sana, kama ilivyoelekezwa.

Rodrigue hakuhitaji kuvifunua, lakini Bambo Kalima alifunua. FAMILIA 3000. FAMILIA 3000. FAMILIA 3000. Nta ya mshumaa ilikuwa imetobolewa, na kutoka kwenye tundu ulimwagika udongo mwekundu wa Dzaleka juu ya viatu vya watu. Chini kabisa kulikuwa na chupa ya maji ya betri, nusu, na karatasi imefungwa shingoni: *Matabishi yako. Anakunywaka Ijumaa, njo vile?*

Wateja walikung'uta viatu. Bambo Kalima alikuwa mtu wa haki. Aliinama, akainyanyua moja hadi tumboni.

"Yolemera," alisema kwa heshima.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini Rodrigue alikuwa hodari, alimaliza zake mapema. Alilala Chinsapo siku nne kwa jamaa, bila hamu ya kula. Koti lisilo na mgongo halikupata mnunuzi. Angeweza kwenda Nathenje, angeweza kwenda Mitundu, huko hakuna aliyemjua. Lakini kila alipofumba macho aliwaza kiwango cha maji. Ilikuwa inakaribia Ijumaa. Betri ya lori ukiiacha ikauke inakufa, na hakuna maombi yatakayoifufua. Aliwaza nani atamfungua vifuniko, nani atamfuta vumbi. Ijumaa asubuhi alipanda matola kurudi Dzaleka na nusu chupa mfukoni, akijua vizuri anakokwenda.

Chumba kilikuwa wazi. Marguerite alikuwa juu ya meza, hadharani, amesafishwa, juu ya kitambaa cheupe. Waya mmoja ulikwenda kwenye friji ya Zaituni, iliyohamishiwa humo, imejaa samaki wagumu kama mawe. Mwingine ulikwenda kwa kinyozi, wa tatu kwenye kinanda cha kanisa. Umeme wa kambi ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na feni ilikuwa ikizunguka.

Wote walikuwepo. Pasteur Adolphe alieleza kwamba siku ile kwaya haikuja kwa ugomvi, ilikuja kukibariki kifaa kipya cha Mama Zaituni, kama ilivyo desturi. Rodrigue angengoja angepata soda. Sophie alikuwepo, ameshagombana na mumewe tangu asubuhi, uso wake umenawiri.

"Umechelewa," alisema Zaituni. "Alikuwa anakungojea."

Rodrigue alipiga magoti mbele ya meza, akafungua vifuniko sita, akamimina maji pole pole hadi mwisho wa chupa. Alipomaliza, Zaituni akamwambia kwamba kuanzia sasa kazi hiyo ni yake, kila Ijumaa, mpaka deni la kila mtu liishe.

"Na mi?" aliuliza Rodrigue, maana mtu akizama hushika hata povu. "Matabishi yangu?"

Zaituni alifikiri. Hakuwa mtu wa kukataa desturi. Alifungua friji, akachagua usipa mmoja, dagaa wa ziwani, mdogo kuliko wote, akampa.

"Sasa ukae apa," alisema Narcisse, akivuta kiti. Rodrigue akakaa, samaki mkononi. Mashine ya kunyolea ikawaka, kwa nguvu za Marguerite, haikukatika hata mara moja. Ilipita kuanzia paji la uso hadi kisogoni, ikasafisha upande wa kulia wote ukang'aa. Kisha ikazimwa. Narcisse alikunja shuka, akakung'uta nywele.

Rodrigue alijishika upande wa kushoto. "Na iyi ingine?"

Narcisse alichukua kitenge, akamfunika nacho taratibu upande ule, akamgeuzia kiti kuelekea Bukavu.

"Iyo inapumzika kwanza," alisema. "Siku kumi na tisa. Na usigombane na mutu, bwana, tutaanza kuhesabia upya."